Umelipwa kwa gunia? Hiyo haikufanyi mkandarasi

Ukitoka Eldoret mjini alfajiri, ukapita Naiberi na kuendelea kupanda hadi Kaptagat, utakutana na makundi mawili ya watu barabarani kabla jua halijachomoza vizuri. Kundi la kwanza linakimbia. Watu wembamba, viatu vya rangi kali, hakuna anayeongea, unasikia pumzi tu na mguu ukigonga udongo. Kundi la pili linatembea. Hawa wana gambuti, jembe begani, chupa ya chai ya rangi, na stori zao zinasikika kutoka mbali.

Wa kwanza ni wanariadha, wa pili ni vibarua wa viazi. Nimewahi kuwa katika kundi moja tu kati ya hayo, na wewe unajua ni lipi.

Nianze hapo, kwa sababu wote wawili huambiwa jambo moja: wewe ni mtu huru, unajifanyia kazi yako, ukifanya unalipwa, usipofanya hulipwi. Kwa mwanariadha, maneno hayo yana ukweli. Ana meneja. Anachagua mbio za kukimbia na za kuacha. Siku akiona goti halitulii, anasema mwaka huu sendi, na hakuna mtu anayekuja kumfokea barabarani. Eliud Kipchoge, ambaye amefanya mazoezi hapa Kaptagat kwa miaka mingi, alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, alizungukwa na wenzake 41 wa kumwekea kasi. Watu hao walikuja kwa kazi moja inayojulikana mwanzo wake na mwisho wake, wakaimaliza, wakaenda zao. Ukiniambia hao ni wakandarasi, sitakubishia.

Lakini jamaa anayeinama kwenye mtaro wa viazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, huku mtu amesimama nyuma yake, naye pia ni mkandarasi? Swali hili lilinigharimu kidole cha mguu, karibu.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Siyo stori ndefu: karo ilikwama, nikasema nitarudi, sikurudi. Nikakaa mjini nikihustle, leo kuuza laini za simu, kesho kubeba mizigo sokoni. Mwezi wa Mei msee mmoja wa mtaani akaniambia kuna kazi Kaptagat, shamba kubwa la kukodi, wanataka watu wa kupalilia na kuinua udongo kwenye viazi. Shilingi 400 kwa siku, githeri ya mchana juu yao. Nikaingia kwenye pikapu saa kumi na moja asubuhi na watu wengine kumi na wanane, tumefinyana kama magunia tuliyokuwa tunaenda kuyajaza.

Mei ikaisha, Juni ikaisha. Kila siku isipokuwa Jumapili. Julai viazi vikawa tayari, na hapo malipo yakabadilika. Nyapara akatuita pamoja, akatuambia kuanzia leo ni kandarasi: shilingi 60 kwa kila gunia la kilo 50 lililochimbwa, likachaguliwa na kushonwa. Tulifurahi, nisikudanganye. Mtu mwenye nguvu anaweza kutoa magunia manane au tisa kwa siku. Ukipiga hesabu unapita ile 400 bila shida.

Wiki ya tatu ya kuchimba, mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa mzito. Jembe langu la meno lilipita pembeni ya shina, likateleza, likatoboa gambuti. Jino moja liliingia kati ya kidole gumba na cha pili. Damu ilikuwa nyingi kuliko uchungu. Nilishonwa kwenye kliniki, nikadungwa sindano ya pepopunda, bili ikaja 4,700. SHA sikuwa nimelipa. Nilipompigia nyapara simu, kwanza aliniambia pole. Kisha nikamuuliza, kwa heshima kabisa, "Boss, sasa hii ya hospitali tunafanyaje?"

"Kijana, hapa hakuna mtu ameajiriwa," akasema. "Kila mtu ni kandarasi yake."

Akakata simu.

Hebu tuliangalie hilo neno, maana nimelilalia na kuliamkia kwa wiki kadhaa mguu ukiwa juu ya mto. Tukianza na neno letu wenyewe, kibarua. Ni barua ndogo. Zamani, mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha siku aliyofanya kazi, na jina la kikaratasi likahamia kwa mwenye kukishika. Yaani mtu aliitwa kibarua kwa sababu alikuwa na karatasi mkononi. Leo tunaitwa vibarua na hatuna karatasi hata moja. Kila mtu wa lile shamba niliyemuuliza alisema hajawahi kuandikiwa kitu.

Na mchezo wa majina kwenye mashamba ya huku si wa jana. Walowezi Makaburu walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na mji wetu ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana bado utasikia wazee wakiuita Sisibo. Walowezi walikuwa na ardhi kubwa ajabu na hawakuwa na mikono ya kuilima. Waafrika wakaruhusiwa kukaa humo na mifugo yao kama maskwota. Basi sheria ya mwaka 1918 ikamlazimisha skwota amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Lengo lilikuwa asije akajiita mpangaji mwenye haki zake kwenye kile kipande cha ardhi. Alitakiwa awe mtumishi, kwa sababu mtumishi unaweza kumwamuru na kumwadhibu.

Umeona kilichogeuka? Wakati ule, mwenye shamba alitaka uitwe mfanyakazi, kwa sababu jina hilo lilimpa nguvu juu yako. Leo jina hilohilo linampa gharama, kwa hivyo anataka uitwe kitu kingine. Kazi ni ileile ya kuinama. Jina linabadilika kufuata mfuko wa anayelitoa.

Sasa sheria ya leo inasemaje? Nilikuwa na muda, nilikuwa na simu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasomeka bure mtandaoni. Nimeisoma nikiwa nimelala chali kama mgonjwa wa filamu. Usiogope, si ngumu kama wanavyotaka tuamini.

Kibarua wa kutwa, kwa sheria hiyo, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Unakuja leo, unalipwa leo, kesho ni mapatano mapya. Huyo ni mfanyakazi pia, ila wa uhusiano mfupi sana. Lakini kifungu cha 37 kinasema akiendelea hivyo siku baada ya siku mpaka zikajumlika mwezi mmoja au zaidi bila kukatika, yeye si kibarua wa kutwa tena. Anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, hata kama hakuna aliyeandika chochote. Na zile Jumapili? Kifungu hichohicho kinasema baada ya siku sita mfululizo unastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo inahesabiwa ndani. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati Jumapili ulilala nyumbani basi hesabu imeanza upya.

Mimi nilifanya Mei na Juni yote kwa malipo ya siku. Jumlisha mwenyewe.

Halafu kuna anayelipwa kwa kipimo: kwa gunia, kwa kilo, kwa mtaro, kwa debe. Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga. Tunadhani ukishalipwa kwa gunia tayari umekuwa mfanyabiashara. Zii. Sheria ya Ajira inamtaja mtu huyu waziwazi, na inamweka ndani ya mkataba wa ajira. Kifungu cha 18 kinasema alipwe kazi ikiisha, au mwisho wa mwezi kulingana na kiasi alichofanya, kutegemea ni lipi linatangulia. Sheria isingejisumbua kupanga siku yake ya malipo kama angekuwa mkandarasi anayejitegemea. Wakandarasi hupanga malipo yao wenyewe.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Anayelipwa kwa kipimo ni mfanyakazi, sawa, ila hana kila kitu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline, ya kule pwani, na wafanyakazi wake waliokuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi. Mahakama ilieleza kwamba mikataba ya ajira ni ya aina nne: isiyo na kikomo, ya muda maalum, ya kipimo cha kazi, na ya kutwa. Kisha ikasema kifungu cha 37 kiliwekwa kwa ajili ya kibarua wa kutwa. Hakimgeuzi tu hivihivi mtu wa kipimo kuwa wa mwezi. Ukisoma hiyo unaelewa kwa nini mabosi wanapenda kandarasi. Ukimlipa mtu kwa siku kwa mwezi mzima, sheria inamvuta karibu na wewe. Ukimlipa kwa gunia, anabaki pale mlangoni.

Kwa hivyo, mtu aliyelipwa kwa siku kwa miezi miwili kisha akahamishiwa kwenye magunia bila kuulizwa, shamba lilelile, nyapara yuleyule, ni nani? Nimemuuliza rafiki yangu aliyesomea sheria, akacheka, akasema hilo ndilo mawakili wanalalia na kuamkia. Maoni yake ni kwamba ukishavuka mstari wa kifungu cha 37 huwezi kurudishwa nyuma kwa tangazo la asubuhi moja. Maoni yangu ni hayohayo, lakini mimi nina mguu kwenye hii kesi, kihalisi.

Tofauti kabisa na hao wawili ni mkandarasi wa kweli. Mahakama za hapa kwetu, zikifuata njia iliyoanza Uingereza, haziangalii tu karatasi inasema nini. Zinaangalia kinachotokea shambani. Nani anaamua saa ya kuanza na namna ya kufanya kazi? Kazi yako ni sehemu ya biashara yenyewe, au ni kitu cha pembeni kama kuja kurekebisha pampu? Faida na hasara ni za nani?

Nikachukua maswali hayo nikayapeleka shambani kwetu. Saa ya kuanza aliamua nyapara, na ukichelewa pikapu ulirudi kulala. Mtaro wa kuchimba alikuonyesha yeye. Ukiacha viazi vidogo kwenye udongo alikurudisha. Mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, magunia, uzi wa kushonea, lori, vyote si vyangu. Bei ya viazi ikianguka siku lori linafika Nairobi, sikuulizwa nichangie hasara. Ikipanda, hakuna aliyenipigia simu kuniambia njoo tugawane. Na siku nilipotaka kumtuma binamu yangu achukue nafasi yangu nikahudhurie mazishi, niliambiwa "mimi nilichukua wewe, sikumchukua yeye."

Kitu kimoja tu kilikuwa changu: jembe. Na gambuti, mpaka lilipotobolewa. Nyapara anaweza kusema basi, umekuja na vifaa vyako, wewe ni fundi. Kama jembe la kununua sokoni linakufanya kampuni, basi kila boma hapa Uasin Gishu lina mkurugenzi mkuu.

Kuna kesi moja ya mbali inayofanana na hii hadi inashtua. Kule California, Marekani, mkulima mmoja wa eneo la Gilroy, kampuni ya S. G. Borello, alikuwa akiwachukua wahamiaji kila msimu wamvunie matango. Hakuwaita wafanyakazi. Aliwapa karatasi za kutia sahihi zilizosema wao ni wakulima wabia, na mapato wanagawana nusu kwa nusu. Vizuri, si ndiyo? Maafisa wa leba wakaja wakauliza bima ya watu wanaoumia kazini iko wapi. Akasema hawa si wafanyakazi wangu. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, na mwaka 1989 ikaamua ni wafanyakazi wake. Ardhi yake, zao lake, mnunuzi alimpata yeye, na wavunaji hawakuleta mtaji wowote isipokuwa mikono yao na zana ndogondogo. Karatasi waliyotia sahihi haikubadilisha hilo.

Angalia kesi ilianzia wapi. Bima ya majeraha. Hakuna mtu anayebishana kuhusu jina lake siku anapolipwa. Ubishi unaanza siku ya damu.

Jirani zetu Tanzania wameliandika jambo hili vizuri kuliko sisi. Sheria yao ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inakuchukulia kuwa mwajiriwa ikiwa hata moja tu ya hali kadhaa ipo: kwamba namna yako ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, au saa zako, au anakupa vifaa, au unamtegemea kwa riziki, au unamfanyia yeye pekee, au umemfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwenye kubisha ndiye athibitishe. Kwetu hakuna orodha kama hiyo ndani ya Sheria ya Ajira, unaenda kubahatisha mbele ya jaji na mawakili. Wabunge wetu wakiwa wanatafuta cha kunakili, hicho hapo.

Utaniuliza, na ni swali halali: kwani unapoteza nini hasa? Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 lilimweka mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi chini kidogo ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Wewe kwa 400 mara siku 26 ulishika 10,400. Si uko juu ya sheria?

Kwa pesa za mkononi, ndiyo. Ndiyo maana vijana wengi tunasema heri kandarasi, nilipwe changu niende, sitaki makato. Nilisema hivyohivyo mwezi wa Juni. Lakini mfanyakazi akiwa ameandikishwa, mwajiri anaweka NSSF kiasi sawa na kile anachokata kwako. Akifanya miezi miwili mfululizo akaugua, ana siku saba za mshahara mzima na saba za nusu, akileta cheti cha daktari. Na akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ile wanayoiita WIBA, inamtaka mwajiri agharamie matibabu na awe na bima ya jambo hilo. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaipitisha Desemba 2019. Kwa hivyo ile 4,700 yangu, kama mimi ni mfanyakazi, si yangu. Kama mimi ni kandarasi yangu, basi nimejiumiza mwenyewe na nijishtaki.

Na mimi nina bahati, ni kidole. Kwenye kundi letu kulikuwa na mama mmoja wa miaka sitini hivi, sote tulimwita Gogo. Alikuwa na kasi ya kuokota kutushinda vijana wote. Alianza kufanya kazi za msimu kwenye mashamba ya huku akiwa na mtoto mgongoni, na huyo mtoto leo ana watoto. Mahindi, ngano, viazi, kabichi, amevuna kila kitu kinachoota Kaptagat. Nilimuuliza kama ana NSSF. Akaniuliza, "Hiyo ni ya walimu, ama?"

Hilo jibu linanisumbua kuliko mguu.

Sasa kabla hujaanza kuwatukana wenye mashamba kwenye maoni hapo chini, subiri. Kuna mzee pale karibu na msitu ana ekari moja ya viazi. Anahitaji watu sita kwa siku mbili. Anawalipa jioni, anawapikia, mkewe anawapa maziwa ya kubeba. Msimu ukienda vibaya, yeye mwenyewe ni kibarua kwa jirani. Siwezi kumwambia mzee huyu ati awaandikie watu wa siku mbili mikataba na kuwafungulia akaunti za NSSF. Na kuhusu mikataba ya kuandikwa, sheria haimwambii hivyo pia. Watu wake ni vibarua wa kutwa halisi, na hakuna ubaya. Hata msimu ukiisha, hakuna anayeweza kudai ameachishwa kazi kwa uonevu. Viazi vimeisha, kazi imeisha. Mkataba wa muda ukifika mwisho wake, umefika.

Ninayemzungumzia ni yule anayekodi ekari hamsini, anahama na kundi lilelile kutoka shamba moja hadi jingine kuanzia kupalilia mpaka kuvuna, lori kwa lori, kisha mtu akitoboka mguu anasema simjui.

Na ukitaka kumtafuta, utamtafutia wapi? Huu ndio ujanja wa pili. Mimi sijawahi kumwona mwenye shamba. Nilimjua nyapara tu. Pesa yangu ilitoka kwenye simu ya nyapara, baada ya yeye kukata chake. Nikidai, nyapara anasema mimi pia nimetumwa. Mwenye shamba anasema mimi nilikubaliana na nyapara. Mpira unapigwa juu ya kichwa chako na wewe unageuza shingo tu.

Hapo pia sheria imesema kitu ambacho kilinifanya nikae wima kitandani. Maana ya mwajiri katika Sheria ya Ajira inajumuisha wakala wake, msimamizi wake na meneja wake. Nyapara yumo. Huhitaji kujua kwanza nani ni mkubwa wa nani ndipo ulalamike. Na kama kazi ilikuwa ya miezi mitatu au zaidi, mkataba ulipaswa kuandikwa, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mkifika mahakamani hana karatasi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mlikubaliana tofauti na unavyosema.

Lakini wewe nawe uwe na kitu. Mimi nilikuwa nafuta ujumbe wa M-Pesa kila simu ikijaa. Makosa. Kila ujumbe wa malipo una tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Hicho ndicho kikaratasi chetu cha siku hizi. Nilizopata kuokoa zinaonyesha malipo ya jina moja, wiki baada ya wiki, kuanzia Mei. Zile nilizofuta nimeagiza taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ikaja kwenye barua pepe. Nimeongeza picha mbili za shambani, moja nikiwa nimejipiga selfi kama mjinga mbele ya lundo la magunia, na karatasi ya kliniki. Selfi hiyo nilikuwa nimeipandisha mtandaoni na maneno ya majigambo. Leo ndiyo ushahidi.

Muda nao unakimbia. Madai ya ajira yana miaka mitatu. Ya kuumia kazini, miezi kumi na mbili tangu siku ya ajali, na mwajiri ukishamjulisha anapaswa kuripoti mwenyewe ndani ya siku saba. Kumjulisha kunaweza kuwa kwa mdomo, lakini mimi baada ya simu kukatwa nilimwandikia nyapara ujumbe: tarehe, shamba, kilichotokea, kiasi cha bili. Alama mbili za buluu zikatokea. Hakujibu. Sawa tu, amesoma.

Wiki iliyopita nilienda afisi ya leba hapa Eldoret, nikichechemea. Sikulipa chochote. Afisa aliyenihudumia alikuwa mama mtulivu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu yake. Kisha akaniuliza maswali matatu. Ulianza lini? Nikamwonyesha ujumbe wa kwanza. Ulikuwa unalipwa vipi? Nikamweleza, siku kisha gunia, akaandika. Mwenye shamba anaitwa nani?

Nikanyamaza. Miezi mitatu kwenye ardhi ya mtu, na sijui jina lake. Akaniambia wanaweza kuanza na nyapara, ila nikimpata mwenyewe itaenda haraka.

Nimempigia Gogo. Anasema chifu wa huko lazima anajua nani alikodi lile shamba, na mwenye kibanda cha chai pale njiapanda anajua zaidi ya chifu. Wanaanza kuchimba upande wa juu Jumatatu. Nitapanda pikapu hiyohiyo nikiwa na daftari, kama watakubali kunibeba, na Gogo ameniomba nimnunulie daftari lake pia. Anataka kuanza kuandika magunia yake.